Hapana Niliyopewa Magomeni

Siku hizi nasikia watu wanalipa kiingilio cha semina wakafundishwe namna ya kumfanya mtu aseme ndiyo. Wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanaandika kwenye madaftari, wanapewa na cheti. Mimi nacheka mpaka machozi yananitoka. Hayo yote nilikuwa nayajua mwaka 1981, nimefunga khanga kiunoni, nauza nyanya soko la Kariakoo, na sikufundishwa na mtu. Tena nilikuwa fundi. Lakini msidhani nasimulia kwa kujisifu. Kujisifu nilishajisifu zamani, na kuliniponza.

Jina langu ni Josepha, ila wengi wananiita Mama Candida kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kwetu ni Kilema, mlimani Kilimanjaro. Mume wangu Ignasi alinileta Dar, akafa akaniacha na watoto wanne na mzani mmoja. Mjane sokoni akiomba waziwazi, watu wanajifanya wanahesabu bidhaa zao. Basi nikajifunza kuomba bila kuonekana naomba.

Njia yangu ya kwanza niliiita mlima na kichuguu. Nikitaka mtu anibebee gunia moja, namwomba anibebee matatu. Anakataa, na akishakataa anaona haya. Hapo namwambia kwa sauti ya mgonjwa, "Basi hata moja tu, baba." Sijawahi kuona mtu aliyekataa mlima akakataa na kichuguu. Njia nyingine ni kijiko. Leo unaazima kijiko cha chumvi, kesho kikombe, keshokutwa unaomba chungu chenyewe. Mtu akishakupa mara mbili anajiona yeye ndiye mtu wa kukupa, anaona aibu kujigeuka. Halafu kuna nyongeza, na hiyo kila muuza nyanya anaijua: unamwongeza mteja nyanya moja ambayo hakuiomba, na kuanzia hapo ana mzigo moyoni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakusema kwamba mkono wenye nyanya moja unalambwa mpaka kwenye kiwiko.

Jirani yangu sokoni alikuwa Awadhi, muuza nazi, mtu wa pwani kindakindaki, mwembamba mpaka unamhurumia. Alikuwa akisema, "Mama Candida, wewe ukimwomba maiti kitu, atafunua sanda akusikilize." Nilikuwa nikifurahi sana kusikia hivyo. Mjinga mimi.

Sasa, pale sokoni tulikuwa na shemeji yangu Theophil, mdogo wake marehemu Ignasi. Alikuwa anauza vitunguu. Mtu wa maneno machache, mkweli mpaka anakera. Ndiye aliyenitafutia nafasi sokoni nilipofiwa, ndiye aliyemsafirisha kaka yake mpaka Kilema akazikwe kwao. Vizimba vilipogawiwa, yeye aliangukia kizimba cha juu, karibu na mlango, pale ambapo kila anayeingia lazima akuone. Mimi niliangukia shimoni, ile sehemu ya soko iliyo chini ya ardhi. Nilikitamani kile kizimba cha mlangoni kama mtoto anavyotamani embe la mwenzake.

Theophil alikuwa na mke, Severa. Walikuwa wameoana miaka kumi na mitatu bila kupata mtoto. Siku ya komunio ya kwanza ya Candida, mwaka 1979, nyumba imejaa wageni, mwanangu mdogo akavunja sahani na Severa akamkemea. Mimi nilikuwa nimechoka, nimesimama jikoni tangu alfajiri. Hiyo si sababu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Ungekuwa unajua uchungu wa mtoto, usingempigia kelele wa mwenzio." Wageni wakaacha kutafuna. Severa akaweka sahani yake chini, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Kwetu ukimkosea mtu namna ile, maneno matupu hayatoshi. Unachuma jani la isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuzunguka kihamba, shamba la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee, unampelekea. Mtu akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Akikataa, laana inamgeukia yeye. Sasa fikirini wenyewe, mtu kama mimi kupewa jani ambalo aliyeletewa lazima aseme ndiyo.

Nililichuma kwenye ua wa nyumba moja Upanga, walikoupanda mmea huo kwa urembo tu, na wala sikupiga hodi. Halafu sikulipeleka kwa Severa niliyemuumiza. Nililipeleka kwa Theophil, kwa sababu mwenye kizimba alikuwa Theophil. Alilipokea kwa mikono miwili, macho yamelowa. Akasema, "Yameisha, shemeji." Na akiwa bado amelishika, nikamwambia kule shimoni kuna joto, kifua kinanibana, kwa nini tusibadilishane vizimba. Atasemaje hapana na isale iko mkononi? Alihamisha vitunguu vyake siku ileile.

Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Lakini nilimwambia Awadhi, tena huku nacheka, "Jani moja tu, Awadhi, nimepata mlango." Soko lina masikio. Kabla ya adhuhuri maneno yalikuwa yameshashuka shimoni. Theophil hakuja kugomba. Aliacha tu kunisalimia. Miaka miwili tulikuwa tunapishana kwenye zile ngazi kama watu wasiojuana, na mimi nilijiambia yatapita.

Haya, ndiyo tuje kwenye shida yenyewe. Mdogo wangu Celina alikuwa ameolewa na Pius, kijana mpole wa Ndanda, fundi wa reli. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Ya tatu ikafika miezi tisa, na Jumatatu moja wakamlaza. Daktari alisema kondo la nyuma limekaa vibaya, limeziba njia, mtoto hawezi kupita. Angepasuliwa Alhamisi asubuhi, na kwa jinsi ilivyokaa angetoka damu nyingi. Zilitakiwa chupa mbili ziwe tayari kabla hawajaanza, na ndugu ndio wa kuleta watu wa kutoa. Damu ya Celina ilikuwa O, na mwenye O hapokei nyingine. Tulipimwa mimi na Pius palepale. Mimi nilikuwa A, Pius B. Sista Klara, muuguzi wa chumba cha damu, akatuambia bila kuzungusha maneno, "Msipoleta, atakwenda chumba cha upasuaji bila akiba. Mimi nisingependa kuiona hiyo kazi."

Celina alinishika mkono pale kitandani. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Watu wawili tu, dada," akasema. "Wewe hushindwi." Nikamwahidi.

Mwaka 1981 kumwambia mtu wa Kariakoo akatolewe damu lilikuwa jambo zito. Watu walikuwa bado wanawaogopa mumiani, wale wanyonya damu tuliotishwa nao utotoni. Wanaume walikuwa wanaambiana kwamba ukitoa chupa moja, nguvu za kiume zinatoka nayo. Lakini niliona hiyo ndiyo kazi inayonifaa. Jumanne alfajiri nikaanza.

Tarsis alikuwa mchukuzi, anabeba magunia mawili kwa mpigo, shingo nene kama ya ng'ombe wa kulimia. Nikampa mlima. "Tarsis, nataka chupa tatu za damu yako." Akaniambia nataka kumuua. "Basi moja tu, mwanangu, ya dada yako Celina." Akakuna kichwa, akakubali. Mboni alikuwa mama ntilie, anauza wali na maharage nje ya soko. Kwake nilikwenda na kijiko: nisindikize tu hospitali kesho. Akasema sawa. Halafu, tukishafika, si upimwe tu kidole. Akasema sawa. Na ukionekana una O? Akasita, lakini alikuwa ameshasema sawa mbili, na ya tatu ikatoka.

Kisha nikatoa nyongeza. Sukari siku zile ilikuwa haionekani dukani, watu wanapanga foleni tangu asubuhi wanarudi na mfuko mtupu. Mimi nilikuwa na kilo mbili nimezificha chini ya kitanda. Nikazifunga kwenye vikaratasi, nikawagawia watu tisa bila kusema neno, jioni nikawapitia na ombi langu. Wote tisa wakakubali. Nikaandika majina yao mbele yao, maana mtu akiona jina lake limeandikwa anaogopa kujikana. Jumla wakawa kumi na moja. Nikaenda kumwambia Celina, "Kumi na moja, mdogo wangu. Damu itamwagika sakafuni." Akacheka, akashika tumbo kwa kuwa kicheko kilikuwa kinamuuma.

Jumatano saa mbili asubuhi nilikuwa getini hospitali. Saa tatu sikuona mtu. Saa nne Mboni akaja, akaingia mpaka ndani, akaiona chupa ya mtu mwingine inajaa taratibu na ule mpira mwekundu unaning'inia. Akasema ameacha maharage motoni. Tarsis alituma mtu aseme amepata msiba. Wale wa sukari hakuja hata mmoja, ila mmoja alikuja kunirudishia sukari yangu, kwenye karatasi ileile, haijafunguliwa. Huyo ndiye aliyenichoma kuliko wote.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeshika karatasi ya majina, nilipomwona Awadhi anaingia na kofia yake ya kiua. Sikuwa nimemwomba Awadhi. Niliona mwili wake hauna damu ya kumtosha hata yeye. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Klara, akapimwa kidole, akaonekana ni O, akapimwa uzito akapita kwa kilo moja. Akalala, akatoa, akaletewa chai.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Soko zima linajua shida yako."

"Sasa mbona jana hukuniambia utakuja?"

"Hukuniomba. Na ungeniomba nisingekuja." Akakoroga chai yake. "Usikasirike, Mama Candida. Wewe ukiomba, mtu hajui kama amekubali au amekamatwa. Wale kumi na moja hawakukukubalia. Walitaka tu uondoke mbele yao, na wanajua wewe huondoki mpaka uambiwe ndiyo."

Nilikasirika, mbona nisikasirike. Nilikuwa na maneno ya kumrudishia. Lakini yeye alikuwa na pamba mkononi na mimi nilikuwa na karatasi ya majina, nikayameza.

Ikabaki chupa moja. Sista Klara akasema lazima ipatikane kabla ya saa mbili asubuhi ya kesho. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nakikimbia kukikumbuka tangu Jumatatu. Wakati wa vita vya Kagera Theophil alijipeleka mwenyewe kutoa damu, akapewa kadi, na kadi ile ameitundika ukutani sebuleni kwake, chini ya picha ya Bikira Maria. Imeandikwa O kwa wino wa buluu. Nilishaisoma mara nyingi nikiwa bado mtu wa kukaribishwa pale.

Nikamwambia Awadhi. "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname," akasema.

"Nichume isale?"

"Mimi mila zenu sizijui. Lakini lile la kwanza si ulilitumia kununulia kizimba?"

Alikuwa amesema kweli.

Mchana ule nikaenda Magomeni, nyumbani kwa Theophil. Njia nzima nilikuwa napanga. Nianze na mlima, nimwombe aje na Severa na majirani? Nianze na kijiko? Kila nilichokipanga nilisikia sauti ya Awadhi ikiniuliza kama nakwenda kuomba au kukamata. Nilikuwa nimebeba kichane cha ndizi za kupika kutoka kwetu. Nilipofika kwenye kona ya nyumba yao nikazitazama zile ndizi nikaona ni nyongeza, ni sukari ileile, ila zina ganda. Nikampa mama mmoja aliyekuwa anafua uani kwake. Alinishangaa, akanishukuru, nikapita.

Severa alikuwa barazani, anachambua mchele kwenye ungo. Nikapiga hodi. Akasema karibu bila kuinua macho. Theophil akatoka ndani na fulana, akasimama mlangoni. Tukasalimiana kwa yale maneno mafupi ya watu wasiotaka kusalimiana. Hakuniambia nikae. Severa ndiye aliyenisogezea kigoda, kwa mguu.

"Shemeji," nikasema, "sikuleta jani. Jani nililichafua mwenyewe. Celina anapasuliwa kesho asubuhi. Zinatakiwa chupa mbili, na ipo moja. Damu yake ni O na yako ni O. Nakuomba uje utoe. Ni hilo tu."

Nikanyamaza. Sijui kama mnaelewa ilivyokuwa kazi kwangu kunyamaza. Theophil alitazama barabarani muda mrefu. Severa alikuwa anatupa vijiwe vya mchele chini, kimoja kimoja.

"Hapana, Mama Candida," akasema Theophil.

Nawaambieni ukweli, nilikuwa na njia saba za kuizunguka hapana ile. Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kusema basi njoo tu umwone Celina, huenda ni mara ya mwisho, na akishafika pale Sista Klara angemaliza kazi. Ningeweza kumtaja Ignasi, maana jina la kaka yake hakuwa na ubavu nalo. Zote zilinijia mdomoni kwa pamoja. Na niliona wazi kwamba hata ikifanya kazi mojawapo, nitakuwa nimemfanyia tena kitu kilekile nilichomfanyia kwa ajili ya kizimba. Nikasimama.

"Sawa, shemeji. Asante kwa kunisikiliza. Severa, nawe baki salama."

Nilirudi kwa miguu. Nililia bonde lote la Jangwani, watu wananitazama, na sikujali. Msije mkadhani hiyo nayo ilikuwa mbinu, kwamba nilijua nikiondoka ataguswa. Watu wameniambia hivyo baadaye, nikataka kuwapiga. Niliondoka kwa sababu nilishindwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mtu ana haki ya kunikatalia.

Jioni, saa za kuona wagonjwa, Celina akauliza, "Wale kumi na moja wangapi wamekuja?"

"Hawakuja. Amekuja Awadhi peke yake, na sikumwomba. Ipo chupa moja. Nimejaribu, Celina. Nimeshindwa."

Hakuwahi kunisikia nikilisema neno hilo. Akageukia ukutani. Nikadhani analia, lakini baadaye akasogea akaniachia nafasi kitandani. "Basi kaa na mimi," akasema. Nikakaa mpaka walipotufukuza.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikwenda chumba cha damu kumwambia Sista Klara kwamba sina mtu. Nje ya mlango, kwenye benchi, nikamkuta Severa. Amevaa gauni lake la kanisani, mkoba umekaa mapajani, viatu vina vumbi la Magomeni. Nikachungulia ndani. Theophil alikuwa amelala, mkono umenyooshwa, anatazama dari, na chupa ilikuwa imeshavuka nusu.

Nikakaa kwenye benchi karibu na Severa. "Severa, umemshawishi vipi?"

"Sikumshawishi. Nilivaa viatu nikachukua mkoba. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia nakwenda hospitali kupimwa. Akanifuata." Akafungua mkoba akaufunga tena. "Mimi si O, wamenipima. Lakini njiani nilimwambia neno moja. Nilimwambia, miaka yote hii namjua Mama Candida, sijawahi kumwona anaondoka kwenye mlango wa mtu amebeba hapana. Jana aliibeba akaenda nayo. Basi jana alikuwa anaomba."

Nikamshika mkono. "Severa, mimi siku ile ya komunio..."

Akautoa mkono wake, taratibu, bila hasira. "Si leo. Leo una shida, na mwenye shida husema lolote."

Celina aliingia saa mbili, akatoka saa tano. Chupa zote mbili ziliisha mle ndani. Daktari alisema ya kwanza ilikuwa inatoka kama inavyoingia, na ya pili ndiyo iliyomshika. Mtoto alikuwa wa kike, kilo tatu, ana sauti kama yangu. Pius alikaa chini kwenye korido akalia, na mimi nikalia naye.

Jumatatu iliyofuata nilijitwika mzani wangu nikashuka shimoni. "Shemeji, nimekuja kukurudishia kizimba chako. Rudi mlangoni."

Theophil aliendelea kuambua maganda ya vitunguu. "Hapana. Wateja wangu wamenizoea hapa." Halafu akaongeza, "Na hapa hakuna joto, Mama Candida. Hilo nalo uliniongopea."

Hapana ya pili ndani ya wiki moja. Nikapandisha mzani wangu.

Ila nilikuwa nimeshaandika barua Kilema. Nilimwambia mama yangu mambo yote, hata yale ya aibu, nikamwomba anichumie isale kwenye kaburi la babu. Mama hakunitumia jani. Alinitumia kijiti kizima chenye majani yake, amekizungushia magome mabichi ya mgomba, akampa dereva wa basi la Moshi. Hakuandika chochote. Alikuwa ananijua.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda Magomeni. Theophil hakuwepo, na sikuwa nimemfuata Theophil. Severa alikuwa sebuleni anapiga pasi ya mkaa. Alikiona kijiti mkononi mwangu, akaendelea kunyoosha kola ya shati.

"Unataka nini safari hii?" akauliza.

"Sitaki kitu."

"Celina?"

"Mzima. Mtoto ananyonya vizuri."

Akanyunyizia shati maji. "Siku ile ulisema nini? Sema mwenyewe. Chote."

Nikasema chote, kwa maneno yaleyale niliyoyatumia, na sikuongeza kwamba nilikuwa nimechoka. Nikamwambia pia kwamba jani la kwanza lilikuwa lake, nikalipeleka kwa mwingine kwa sababu ya tamaa yangu. Alikuwa anapiga pasi sehemu moja tu muda wote huo, nikaogopa ataunguza shati. Nilipomaliza, nikakiweka kile kijiti mezani, mbali na mkono wake.

"Sikukupa mkononi, Severa. Nikikupa mkononi, mila inakulazimisha. Pale mezani hakikulazimishi. Ukikitaka utakichukua. Usipokitaka sema, nitakirudisha Kilema mwenyewe, na laana yake iwe juu yangu."

Aliiweka pasi pembeni. Akakitazama kile kijiti, akanitazama mimi, akaenda uani kuchemsha chai. Tukanywa. Tukazungumza habari za sabuni, imepatikana wapi, foleni ina urefu gani. Isale ilikuwa katikati yetu na hakuigusa. Nilipoaga nikauliza kama niondoke nayo. "Iache," akasema. Sikumwuliza zaidi.

Zikapita wiki tatu. Nilikuwa nauza nyanya, nikamwona Theophil anapanda zile ngazi. Hakugeuza uso. Alikuja mpaka mbele ya kizimba changu, kile kilichokuwa chake, akasimama kama mteja.

"Habari za asubuhi, shemeji," akasema. "Nipimie kilo."

Nilianza kupima.

"Severa anasema ile isale imeshika," akasema.

"Imeshika wapi?"

"Kwenye kopo la maziwa, pale mlangoni kwetu nyumbani. Inatoa jani jipya. Anamwagilia mwenyewe, mimi nimekatazwa kuigusa."

Nikazitia nyanya kwenye kikapu chake. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kuchukua moja ya nyongeza. Nikaurudisha. Theophil akauona.

"Yangu ya nyongeza iko wapi?"

"Nikikuongeza utasema nina ombi."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia Theophil akicheka tangu Ignasi yuko hai. Akachagua nyanya mwenyewe, kubwa kuliko zote, akaitia kwenye kikapu, akashuka zake shimoni. Awadhi akafungua mdomo aseme neno. Nikamwambia auze nazi zake, maana nilikuwa nalia.